Nyumba ya Attracta Inauzwa Ikiwa Tupu

Tangazo lilitoka Jumatano, na mke wangu Nuala ndiye aliyenisomea, simu mkono mmoja, kijiko cha uji mkono wa pili. "Nyumba ya bangalo ya mashambani, Derrynacloy, iliyopambwa kwa ladha ya hali ya juu. Vyumba vinne vya kulala, sebule yenye mwanga, jiko pana, mandhari ya ziwa. Itakabidhiwa ikiwa tupu."

"Rudia hapo mwisho," nikamwambia.

"Itakabidhiwa ikiwa tupu."

Niliweka kikombe mezani kwa nguvu hadi chai ikamwagika juu ya kitambaa, na Nuala hakunigombeza. Nuala asipogombeza, ujue mambo yameharibika kweli. Ikiwa tupu! Nyumba ina mtu ndani. Nikisimama kwenye dirisha langu namwona akianika nguo. Anaitwa Attracta Cryan, ana miaka sitini na miwili, na hiyo ladha ya hali ya juu ni yake, kuanzia rangi ya dari hadi pindo la pazia. Waliona ladha, wakasahau kwamba ladha haijipaki ukutani yenyewe. Nina hasira hadi leo, na haya nayaeleza kwa hasira. Asiyetaka kusikia akasikilize utabiri wa mvua.

Mimi ni Jarlath Beirne, nafuga kondoo na ng'ombe wachache ng'ambo ya barabara. Attracta nimemjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Baba yake, marehemu Luke Cryan, aliijenga nyumba ile kwa mikono yake na mikono yetu sisi majirani, mwaka ule nilipooa. Alisema anaijengea familia, lakini kila mtu alijua anamjengea Enda, kaka yake Attracta. Kwetu mtoto wa kiume, hata kama hajui koleo hushikwa upande gani, ndiye mwenye nyumba. Binti hata akibeba matofali ni mgeni tu, anasubiriwa aolewe aondoke.

Basi Attracta aliondoka. Akiwa na miaka ishirini alikwenda Coventry, akapata kazi wodini, kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza. Alipata na mchumba huko, fundi wa reli, mtu mpole. Alikuja naye likizo moja na yule bwana akala mkate wa magadi wa Nuala hadi tukaona haya kumhesabia vipande. Halafu Luke akapooza upande mmoja. Enda wakati huo alikuwa Dublin, mji mkuu, katika ofisi yenye viti vya kuzunguka, na jambo la kwanza alilofanya ni kumpigia dada yake simu. "Rudi nyumbani, Attracta. Wewe ndiye unayeijua kazi hii."

Alirudi na sanduku moja, kwa wiki sita. Akakaa miaka ishirini na tisa. Fundi wa reli alisubiri miwili, akaoa. Luke alichukua miaka mitano kufa. Mama yao alifuata taratibu zaidi, na katika miaka yake ya mwisho hakumtambua Attracta hata kidogo. Alikuwa akimwita nesi. "Nesi," alikuwa akimuuliza, "binti yangu atakuja lini?" Na Attracta alikuwa akimjibu, "Yuko njiani, mama."

Mambo ya kupamba yalianzia hapo. Mama hakuweza tena kutoka chumbani, basi Attracta akaamua kukibadilisha chumba ili mama aone kitu kipya bila kwenda popote. Aliazima kitabu maktaba akajifunza kubandika karatasi za ukutani. Karatasi ya kwanza ilijikunja kama soksi, akaibandua, akaanza upya. Baada ya hapo hakuacha. Sebule aliipa rangi ya maziwa mgando, ukumbi kijani ya kabichi changa. Kabati la vyombo lililotupwa na shule alilikokota hadi nyumbani, akalipiga msasa siku tisa, na chini ya uchafu likatokea la msonobari mzuri kabisa. Watu wa mbali walikuwa wakija kumuuliza wachague rangi gani. "Usichague dukani," alikuwa akiwaambia. "Paka ubao, upeleke nyumbani, uutazame siku ya mvua." Na siku ya mvua kwetu haitafutwi kwa tochi.

Sasa kuna jambo la Misa. Kila mwaka mwezi wa Mei, Misa husomwa nyumbani kwa mtu, kwa zamu, na majirani wote huja, na baada ya Misa wote hulishwa kifungua kinywa. Kijiji chetu kina nyumba kumi na moja, kwa hiyo zamu hukurudia mwaka wa kumi na moja. Kwetu nyumba hupakwa rangi Misa inapoingia au jeneza linapotoka. Zamu ya mwisho ya akina Cryan, mama yao akiwa bado na akili zake zote, alisimama baada ya Misa, kikombe mkononi, mbele ya padri na mbele yetu sote. Akasema, "Nataka mjue. Nyumba hii ni ya Attracta. Ameniahirishia maisha yake, na nyumba ni yake. Mmesikia?"

Tukasema tumesikia. Mimi nilisema. Nakumbuka nilikuwa na yai mdomoni.

Mama akaketi, akaona amemaliza kazi. Wosia wake ulikuwa umeandikwa zamani, kabla Attracta hajarudi, na ulimpa Enda kila kitu, hakuugusa. Usimcheke. Watu wa rika lake waliamini kwamba neno likishatamkwa mbele ya meza ya Misa na majirani wakalisikia, karatasi ya kuliandikia ni matusi, ni kama kusema majirani wako ni waongo. Mama alituamini sisi. Hilo ndilo kosa alilofanya.

Alifariki, tukamzika, na Enda akamwambia dada yake pale kaburini, "Kaa tu, dada, nani atakufukuza?" Naye akakaa.

Mwaka huu zamu ikarudi. Mwezi wa Machi Enda alipiga simu, mtamu kama asali. "Zamu yetu hii, dada, tusiaibike mbele ya padri. Paka nyumba nzima. Rangi nanunua mimi. Usibanie, weka ile ladha yako." Attracta alifurahi, maskini. Alifanya kazi wiki tano, na mimi nilimshikia ngazi. Alibandika karatasi ya maua madogo chumba cha mama, akaikata ukingoni kwa wembe, nami nikamwambia, "Nani atatazama huko juu ya kabati?" Akasema, "Mimi najua kupo."

Wiki moja kabla ya Misa gari likaingia, akashuka bwana mmoja wa viatu vyenye ncha, na kamera. Alikuwa dalali wa nyumba, Tierney. Attracta alidhani ametumwa na parokia kupiga picha za Misa, akamwekea keki. Tierney akala keki. Kisha akamwomba aishushe picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na kitaa chake chekundu, "maana wanunuzi wa siku hizi, unajua." Alipofika ukumbini kwenye kioo kikubwa, akasema, "Na wewe sogea kidogo, mama, unaonekana kwenye kioo."

"Wanunuzi gani?" Attracta akamuuliza.

Hivyo ndivyo alivyojua. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliipamba nyumba wiki tano kwa mikono yake ili iuzwe, akaondolewa hata kwenye kioo. Nilipoyasikia haya, baada ya lile tangazo, nilitaka kwenda Dublin nikamshike Enda shingo. Nilitaka, nikasema nataka, nikapiga meza. Halafu nikaenda kuwaangalia kondoo.

Attracta yeye hakupiga meza. Alikwenda mjini kwa wakili, mwanamke mmoja wa makamo anayeitwa Bi Mulrennan. Bi Mulrennan akamwambia kwamba sheria husikiliza ahadi ya namna hiyo, hasa mtu akiwa ameacha maisha yake akaitegemea, lakini lazima wapatikane watu walioisikia, wafike kwake, waape, waweke saini. Na kesi dhidi ya mali ya marehemu ina miaka miwili tu tangu kifo. Mama alifariki tarehe tisa Juni. Zilikuwa zimebaki wiki chache.

Misa ilisomwa Ijumaa, tarehe kumi Mei, siku mbili baada ya lile tangazo. Nyumba ilikuwa nzuri hadi inaumiza. Enda alikuwepo, amevaa sweta la bei, anapokea watu mlangoni. Sote tulikuwa tumelisoma tangazo, na hakuna aliyefungua mdomo. Tuliimba, tukakomunika, tukakaa kwenye nyama na mayai. Attracta alizunguka na birika, na alipomaliza kumimina kikombe cha mwisho akaliweka juu ya jiko, akafuta mikono, akasema bila kupaza sauti:

"Nina swali moja kwa majirani. Miaka kumi na moja iliyopita mama alisimama hapa, pembeni mwa kabati hili. Alisema nini?"

Enda akatupa jicho upande wa padri.

"Attracta, padri yupo," Enda akasema.

"Ndiyo maana nauliza mbele yake. Wakili anataka wawili walioyasikia, waende wakaape. Siombi kingine. Packie?"

Packie Gormley alikuwa na mkate mdomoni. Aliutafuna hadi tukachoka sisi. "Ni zamani sana, dada," akasema. "Mimi hata ya jana siyakumbuki."

"Wewe? Unayekumbuka jina la kila farasi aliyekula hela yako tangu mwaka sabini?"

Watu walicheka kidogo, ule mcheko wa kutaka jambo lipite. Niwaambie habari ya Packie. Babu wa baba yake, zamani za utawala wa Waingereza, aliapa mbele ya hakimu juu ya jirani aliyeiba ng'ombe. Ilikuwa kweli, ng'ombe aliibwa. Lakini kwetu mtu anayeapa juu ya jirani ni mchongezi, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo; mwizi husamehewa, mchongezi hasamehewi yeye wala vitukuu vyake. Hadi leo wale si akina Gormley tu, ni "akina Gormley wa Kiapo". Ukitaka kupigwa na Packie baa, taja kiapo.

"Jarlath?"

Sasa niseme na langu. Nyuma ya nyumba ile kuna ekari saba, na malisho yake nimeyakodi kwa Enda kwa bei ya kirafiki. Kondoo wangu walikuwa huko asubuhi ile ile. Ungeweza kuwaona dirishani. Nikatazama ndani ya kikombe. "Hayo ni ya ndugu wawili, Attracta," nikasema. "Wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Ukalime shamba la nani, Jarlath?"

Nikazidi kukoroga chai. Enda alitandaza mikono kama mtu aliyepewa zawadi. "Mnaona? Hakuna aliyesikia kitu. Dada amechoka tu, ni kazi nyingi." Na yule padri kijana, mgeni parokiani, akauliza kama kuna maziwa zaidi.

Nuala hakusema nami siku tatu. Alikuwa akiniambia "chakula mezani" na "mlango", basi. Siku ya nne akasema, "Nami nilikuwepo, nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nakusubiri wewe. Ndicho kinachonichoma."

Hapo nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Tierney alikuwa ametangaza Jumamosi ya tarehe kumi na nane kuwa siku ya kuonyesha nyumba. Nikawapigia simu watu wa nyumba zote. Mtu akifiwa kwetu, watu hupanga foleni nyumbani kwake, humshika mkono mfiwa, husema "Pole kwa msiba," hupita chumbani alikolazwa marehemu, hunywa chai. Nikawaambia, ikiwa nyumba ni tupu basi mwenye nyumba amekufa, twendeni tukahani. Mungu wangu, walivyofurahi! Hakuna aliyesema ni zamani, hakuna aliyekuwa na shughuli.

Jumamosi tulifika sote, suti nyeusi, tai nyeusi. Tierney mwanzoni alichanua uso. "Karibuni, karibuni, naona kuna hamu!" Enda alikuwa amesimama ukumbini na mume na mke kutoka Dublin, vijana wenye makoti ya mvua ya rangi kali. Nikamshika mkono.

"Pole kwa msiba, Enda."

"Msiba gani?"

"Alikuwa mwanamke wa maana," akasema mtu nyuma yangu, naye akamshika mkono. "Pole kwa msiba."

"Nani? Nani amekufa?"

"Dada yako. Tumesoma nyumba iko tupu."

Walipita mmoja mmoja, na kila mmoja akaushika ule mkono. Enda alijaribu kuuficha mfukoni, mama mmoja wa miaka themanini akauvuta akautoa. Packie alipiga magoti juu ya zulia la sebuleni akaanza rozari kwa sauti, na watu wakaitikia. Yule mke wa Dublin akamshika Tierney kiwiko. "Samahani, kuna mtu amefia humu?"

"Bado, mama," Packie akamjibu kutoka sakafuni, "lakini wanajitahidi."

Wakaondoka bila kuona bafu. Tierney akawakimbilia na karatasi zake kwenye mvua. Enda akatutukana, akapanda gari lake, akaenda. Sisi tukabaki ukumbini tunacheka hadi tunashikana mabega, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilijiona mwanaume.

Attracta alitokea chumba cha nyuma, chumba cha mama. Alikuwa ameyasikia yote. Tukamgeukia tukitegemea acheke.

"Mmevaa tai," akasema.

Tukaendelea kutabasamu.

"Kuapa, hakuna aliyekuwa na nafasi. Kunizika, mmejaa. Mmekuja mkacheka, na leo mtalala vizuri, mtasema tumemsaidia Attracta. Wale wawili wameondoka. Jumamosi ijayo watakuja wengine, na nyinyi hamtakuja, kwa sababu mzaha haunogi mara ya pili. Nimebakiwa na siku ishirini na mbili." Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Mama alinisahau kwa ugonjwa. Nyinyi mna ugonjwa gani?"

Akatuonyesha mlango na tukatoka, watu wazima wenye suti, tukisukumana kizingitini.

Nilikasirika. Nilikasirika naye kwanza, nisifiche. Nilijiambia huyu mwanamke hana shukrani, tumemfukuzia wanunuzi na bado anatukemea. Nilibeba hasira hiyo Jumapili nzima. Nikaenda nayo kanisani, nikarudi nayo, nikaila pamoja na viazi. Na kila nilipoigeuza niione vizuri nilikuta haimhusu. Marehemu baba yangu alikuwa akinifundisha: usiape juu ya jirani hata kama ni kweli, hasa kama ni kweli. Nililitii neno hilo miaka sabini na moja nikiliita heshima. Lakini Enda alikuwa jirani, na Attracta je? Yeye alikuwa nani? Mtu aliyemwosha mama yake miaka yote ile hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu hakuwa jirani, kwa sababu hakuwa na ekari saba.

Jumatatu asubuhi nikavaa suti ile ile.

"Unakwenda kumzika nani tena?" Nuala akaniuliza.

"Nakwenda kwa Bi Mulrennan."

"Na kondoo?"

"Watajua wenyewe."

Akanikung'uta bega, kulikuwa na nyuzi.

Bi Mulrennan alikuwa akipiga chapa nikisema. Jina, umri, mahali. Ulisikia nini? Nikamwambia maneno ya mama, kila neno. Ulijibu nini? "Nilisema tumesikia."

"Na tarehe kumi mwezi huu uliulizwa tena, mbele ya watu. Ulisema nini?"

"Lazima iandikwe?"

"Upande wa pili watauliza, Bwana Beirne. Afadhali itoke kwako."

Nilitazama ukuta wake. Ulikuwa umepakwa rangi mbaya, ya kijivu ya ndoo. "Andika kwamba sikusema," nikamwambia. "Andika ni kwa sababu ya ekari saba."

Akaandika. Nikaweka mkono juu ya Biblia, nikaapa, nikatia saini jina langu lote. "Mmoja ni mwanzo," Bi Mulrennan akasema akikunja karatasi. "Wawili ndiyo kesi."

Mjini kwetu habari haisubiri gari. Nilipofika nyumbani, Packie Gormley alikuwa ameegemea lango langu.

"Nasikia umeapa."

"Umesikia vizuri."

"Miaka mia moja na ishirini mnatuita wa Kiapo. Babu yako alitutukana, baba yako alitutukana, na wewe ulinitukana harusini kwangu."

"Nilikuwa nimelewa, Packie."

"Ulikuwa umelewa, lakini ulilenga." Akatema mate kando. "Karibu kwenye ukoo, Jarlath." Nilidhani amekuja kunicheka, na nilistahili. Lakini hakuondoka. Akawa anachokonoa kutu ya lango kwa ukucha. "Ofisi ya yule mama hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Jina tunalo tayari," akasema. "Haliwezi kuwa baya zaidi." Kesho yake saa tatu kasoro alikuwa mlangoni kwa Bi Mulrennan, na nasikia aliyakumbuka hata yale ambayo mimi nilisahau, mpaka rangi ya kikombe cha mama.

Enda alinipigia siku mbili baadaye. "Ondoa kondoo wako ifikapo Ijumaa," akasema, "mchongezi we." Nikamwambia, ndiyo, nimekusikia, na yote mawili ni sawa. Niliuza kondoo thelathini wiki ile kwa sababu sikuwa na majani ya kuwalisha. Baadhi ya watu waliocheka nami ukumbini siku ile wakawa wanahamia upande wa pili wa baa nikiingia. Sitaki unionee huruma. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Wakili wa Enda alisoma viapo viwili, akamshauri mteja wake kwa lugha ya kiofisi kwamba ataaibika. Wakapatana bila kufika mahakamani: mashamba yakabaki ya Enda. Nyumba ikaandikwa jina la Attracta Cryan. Tierney mwenyewe alikuja kung'oa kibao cha "Inauzwa". Kilikuwa kimezama kwenye tope, akakivuta hadi akaanguka kwa makalio, nami nilikuwa dirishani na sikukosa kuona.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikavuka barabara. Niseme ukweli, nilikuwa nategemea kupokelewa. Nilikuwa nimechana nywele. Attracta alifungua mlango, amevaa aproni, rangi kwenye kiganja. Alikuwa ameirudisha picha ya Moyo Mtakatifu mahali pake. Niliiona nyuma ya bega lake.

"Kibao kimeondoka," nikasema.

"Nimekiona."

"Nimefurahi sana, Attracta. Kweli nimefurahi."

"Misa ilikuwa tarehe kumi," akasema. "Wewe ulikwenda kwa wakili tarehe ishirini."

"Ndiyo."

"Siku kumi, Jarlath. Nilikuwa nalala kwenye kiti, nimevaa koti, sanduku limefungwa, nikidhani kila gari linalopunguza mwendo ni la kunitoa. Ulikuwa unaiona taa yangu?"

Nilikuwa naiona. Nikamwambia nilikuwa naiona.

"Basi," akasema. Hakukasirika wala hakulia. "Asante namwambia mtu aliyenipa kitu. Wewe ulikuwa umeshika kitu changu, ukakirudisha."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu. Tangu nyumba ile ijengwe sijawahi kuondoka mlangoni pale bila kuambiwa niingie ninywe chai. Nilivuka barabara nikamwambia Nuala aweke birika jikoni, naye akaniambia nijiwekee mwenyewe.